Uvimbe Chini ya Kitambaa

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Chiriku alimsuka mama yake. Mama aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, taulo mabegani. Chiriku alisimama nyuma yake na kitana, mafuta na maneno yasiyokwisha. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema mdomo wake haukupata likizo.

Mama alipiga pasi kwenye duka la dobi. Siku nzima mvuke ulimpanda usoni na jasho likamchuruzika chini ya kitambaa alichofunga kichwani. Ndiyo maana Chiriku alipogusa kwa mara ya kwanza kivimbe nyuma ya sikio la mama, kidogo kama punje ya dengu, mama alisema, "Hicho ni kipele cha jasho tu. Kiruke, usuke." Wakati huo Chiriku alikuwa darasa la tano. Sasa alikuwa la sita, na punje ya dengu imekuwa harage.

Jumamosi moja alikuwa akisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyokalia chaki ya rangi. Alicheka mpaka mkono ukateleza, jino la kitana likaukwaruza ule uvimbe. Damu ikashuka shingoni hadi kwenye taulo, wala haikukatika upesi.

"Nisamehe, mama! Nimekuumiza?"

"Haiumi hata kidogo," mama alisema, akiubana kwa taulo. "Ila usimwambie shangazi yako. Yule akisikia kikohozi tu, anakwenda kununua sanda."

Chiriku hakucheka. Kitu kisichouma, mbona kinatoa damu hivyo?

Kidonda hakikupona. Kila asubuhi aliona doa jipya la damu kwenye mto wa mama. Ni mimi, aliwaza. Ni kitana changu. Chakula kikawa kama pamba mdomoni. Darasani aliulizwa swali la leo akajibu la jana, wenzake wakaangua kicheko.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka kwao. Siku moja alimwita Chiriku ampime sare mpya. Alizungusha utepe kiunoni, akautazama, akauzungusha tena.

"Umepungua vidole viwili," alisema, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Halafu nimekupima kote hujasema neno. Kuna nini?"

Chiriku akaangua kilio. "Shangazi, nimemuua mama!"

Shangazi alizitoa pini moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaifunika cherehani yake na kumshika mkono. Walikwenda moja kwa moja dukani kwa dobi.

"Wifi, vua kitambaa."

"Wifi nawe! Nina mashati arobaini hapa."

"Mashati yatakusubiri. Vua."

Mama alimtupia Chiriku jicho kali. Kisha akavua. Shangazi alipokiona kidonda, alichukua mkoba wa mama na kumwongoza mlangoni.

Hospitalini walimkuta daktari mwanamke, miwani ikining'inia kifuani. Alikitazama kidonda kwa taa, akapapasa shingo taratibu. "Kimekuwapo kwa muda gani?"

"Wiki mbili, daktari," mama alijibu. "Mtoto alinikwaruza na kitana."

Chiriku alitazama sakafu. Angewezaje kumsuta mama yake mzazi mbele ya mgeni? Lakini akaliona tena lile doa kwenye mto.

"Si wiki mbili," sauti ilimtoka, nyembamba kama uzi. "Nilikigusa nikiwa darasa la tano. Ni zaidi ya mwaka."

Mama aliinamisha kichwa. "Mtoto anasema kweli."

"Ahsante, mwanangu," daktari alisema. "Hilo ndilo nililotaka kulijua."

Alimchoma mama sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha uvimbe ili kipelekwe maabara. Majibu yangechukua wiki mbili. Wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko muhula mzima. Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa dobi na kuchungulia dirishani, aone kama mama bado amesimama.

Siku ya majibu, daktari aliwaketisha wote watatu. "Ni saratani ya ngozi," alisema. "Aina adimu, inayoanzia kwenye tezi za jasho."

Chiriku alisikia neno moja tu.

"Ni joto la pasi?" mama aliuliza polepole.

"Hapana. Kutokwa na jasho hakuleti saratani hii, wala pasi haiileti. Wala haiambukizi."

"Na kitana?" Chiriku aliuliza.

Daktari alimwinamia. "Kitana hakiumbi saratani. Kilikwaruza kitu kilichokuwapo tayari. Hukufanya kosa."

Chiriku alilia tena, safari hii kwa kilio cha mtu aliyetuliwa gunia la mawe.

"Nitapona?" mama aliuliza.

"Siwezi kukuahidi nisichokijua. Tupige picha kwanza. Kama haijaenea, tutaikata yote."

Picha zilionyesha haijaenea. Siku ya upasuaji, Chiriku na shangazi walikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kila mlango ulipofunguliwa, Chiriku alifumba macho. Hatimaye daktari alitoka akitabasamu. Walikuwa wamekata uvimbe pamoja na ngozi iliyouzunguka, wakaziba pengo kwa ngozi ya pajani.

"Yaani wamemtia kiraka!" shangazi alisema, akicheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Baadaye maabara ilithibitisha kwamba hakuna kilichobaki kwenye kingo za jeraha. Hata hivyo, mama angerudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu.

Jioni aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama alimketisha Chiriku kando yake. "Niliogopa kusikia jina la ugonjwa, nikakubebesha siri ya mtu mzima," alisema. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mtu akikwambia ufiche ugonjwa, hata nikiwa mimi, mtafute mtu mzima mwingine umwambie. Huko si kunikosea adabu. Ni kunipenda."

Baada ya miezi miwili mama alirudi kazini. Siku moja Chiriku alimkuta akizungumza na mwenzake wa dukani, mwanamke mmoja aliyekuwa na kijipele juu ya kope.

"Kina miezi mingapi?" mama aliuliza.

"Ah, sijahesabu. Hakiumi, kitapotea chenyewe."

Mama alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Vaa viatu," alisema. "Twende hospitali, ukapimwe."