Mashine Isiyo na Kashe

"Ujumbe wa Nzioka umeingia. Fungua haraka. Over."

Sauti ya Bilan, mkuu wa Katunge, ilikatika kwenye redio ya Motorola.

Katunge alitazama kompyuta. Bado ilikuwa ikitafuna maandishi ya siri.

Chumba alimokuwa, juu ya duka la mbegu mjini Machakos, ndimo majasusi walimofungulia ujumbe wao. Nzioka alikuwa Athi River, ndani ya genge la magendo ya bunduki. Mwaka jana, 1998, aliyetumwa huko alikuwa Kioko. Ujumbe wake ulifunguka akiwa ameshauawa. Tangu hapo, kila mashine ikinguruma, Katunge humsikia akiuliza, "Bado?"

"Jeremiah, mbona inasota?"

Fundi alicheka kidogo. Mashine zote za humo zilipitia mikononi mwake.

"Madam, hii ni Pentium II, mia nne. Si unaona hapo? Ni ujumbe ndio mrefu."

Kweli, skrini ilisema prosesa, ubongo wa mashine, ni ya megahazi mia nne. Matapeli hupenda sana kutuonyesha spidi. Lakini prosesa yenye spidi bila kashe ni mpishi hodari anayekimbilia dukani kila akitaka chumvi. Kashe, kumbukumbu ndogo ya prosesa, ni rafu kando ya jiko. Ikiwa kubwa, vingi viko karibu.

Katunge alikatiza kazi.

"Madam, utapoteza ujumbe!"

Aliingia kwenye mipangilio, akazima kashe, akaiwasha mashine tena na kuipa kipande cha ujumbe.

Pentium halali ingetambaa bila kashe yake. Hii haikupungua spidi hata kidogo.

"Nimezima kitu ambacho hakipo, Jeremiah."

Bastola ya Ceska ilikuwa tayari mkononi mwa Katunge.

"Genge liliniambia niicheleweshe mashine tu, madam. Ngai! Sikujua mtu atakufa."

"Na mashine ya Kioko?"

"Ile pia, madam."

Katunge alitaka kumpiga risasi. Alitaka sana.

"Prosesa ya kweli iko wapi?"

"Iko kwa mkoba."

Alimfunga pingu kwenye chuma cha dirisha, akachomoa prosesa bandia na kupachika halali, yenye kashe ya kilobaiti 512, akairudisha kashe kwenye mipangilio na kuanza ujumbe upya. Ukafunguka.

WAMENIJUA. GODAUNI LA SARUJI.

"Bilan, godauni la saruji! Mtoe sasa!"

Katunge hakuwahi kuogopa bunduki kama alivyoiogopa redio ile.

"Tuko na yeye," Bilan alisema mwishowe. "Ako hai."

Katunge alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akairuka miguu ya Jeremiah na kutoka. Kwenye ngazi aliketi, akalia. Ujumbe ulikuwa umefunguka kwa dakika mbili. Kioko naye hakuhitaji zaidi ya hizo ili aokolewe.

Kisha akajipangusa uso, akashuka mjini.