Mshale wa Joto Kilimani

Kila Jumamosi Kasuku alimsaidia mama yake kupeleka mifuko ya chakula cha kuku kwa wafugaji wa mlimani. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Vani yao ilikuwa kuukuu, ya gia otomatiki, na giaboksi yake ilipata joto upesi. Fundi aliwafungia kipimo cha joto la oili ya gia, lakini nafasi ilipatikana upande wa abiria tu. Basi Kasuku ndiye aliyekuwa macho ya mama.

"Mshale ukigusa nyekundu, sema," mama alimkumbusha wakiondoka. "Tutasimama ipoe."

"Sawa, mama."

Siku hiyo Kasuku alikuwa na fainali ya netiboli, kwa hiyo alikuwa amemwomba mama wapakie mzigo wote kwa safari moja. Walipovuka daraja na kuanza kupanda, mshale ukapanda nao. Ukagusa nyekundu. Kasuku akatazama saa. Wakisimama, mechi itachezwa bila yeye.

"Mbona kimya leo?" mama aliuliza. "Mshale unasemaje huko?"

"Uko chini, mama."

Mshale haukushuka. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, naye akafungua dirisha haraka ili mama asiisikie. Alijiambia kwamba kilele hakiko mbali, ingawa alijua kiko mbali.

Kwenye kona kali injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari halikusogea. Kisha likaanza kurudi nyuma, kuelekea bondeni. Mama alikanyaga breki na kuvuta breki ya mkono. Lori lililokuwa nyuma likawakwepa kwa honi ndefu.

"Nilikudanganya, mama!" Kasuku alipiga kelele huku akilia. "Uko kwenye nyekundu tangu darajani!"

Mama hakumgombeza. "Shuka. Weka mawe nyuma ya magurudumu."

Kasuku aliyaweka. Mama alimpigia fundi simu.

"Kuna moshi?" fundi aliuliza.

"Hakuna."

"Basi usizime injini. Weka gia ya kuegesha, acha ingurume taratibu, oili izunguke ipoe. Punguzeni mzigo, mkipanda tumia gia ndogo. Halafu niletee gari. Oili hiyo imeshaungua, lazima tuibadilishe."

Mfugaji mmoja wa jirani alikubali kuwahifadhia nusu ya mifuko. Walipomaliza kuishusha, mama aliketi kando ya barabara.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ungeniambia mapema, tungechelewa tu. Uliponificha, tulikaribia kufa."

"Nisamehe, mama. Sikai tena kwenye kile kiti. Naogopa."

"Utakaa. Hata mimi naogopa. Ogopa, lakini sema."

Kasuku alifuta machozi, akapanda garini. Huko shuleni, fainali ilikuwa imekwisha kuanza. Mama alishika usukani na kumtazama.

"Twende?"

Kasuku aliuangalia mshale kwa muda mrefu.

"Bado, mama. Haujatoka vizuri kwenye nyekundu. Tusubiri."