Orodha ya Waini Iliyoandikwa na Marehemu

"Magidu, hii waini umeifungua sasa hivi?"

"Sasa hivi, nyabo," mhudumu akajibu kwa heshima. "Mbele ya macho yako."

Khainza aliiinamia glasi tena, akavuta pumzi taratibu, akairudisha mezani. Ilinuka boksi lililolowa na kusahauliwa kwenye kona mwezi mzima. Kizibo kilikuwa kimeiharibu kabisa. Kosa kama hilo, hata mwanafunzi wa wiki mbili angelinusa kabla hajavuta kiti.

Akasoma tena maelezo yaliyokuwa kwenye orodha: *Namba saba, Pinotage nyekundu ya 2023. Inanukia kanzu ya babu iliyokunjwa sandukuni na karafuu, na mvua ya kwanza juu ya mabati yenye kutu.*

Akayarudia kwa kidole, neno kwa neno.

Maneno hayo aliyajua. Ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuiongelea waini hivyo, Douglas, mpenzi wake. Walifundishwa pamoja kuonja katika hoteli moja ya Mbale, na kila alipoonja Douglas alitaja kanzu za babu, mabati na karafuu mpaka wenzao wakacheka. Lakini Douglas alikufa maji mtoni hapa Jinja, Agosti 2022. Zabibu za waini hii zilichumwa mwaka uliofuata.

Khainza hakuja Jinja kutafuta marehemu. Mital, mwenye mgahawa, alimwita akague orodha yake: waini ni nzuri kweli, na bei inastahili? Tangu asubuhi alikuwa ameshapata mengi ya kumwambia. Aina arobaini na nane ni nyingi mno kwa mgahawa wa meza kumi na mbili. Nyeupe ziliwekwa kwenye rafu iliyopakana na jiko, zikaiva kwa joto. Bei ilikuwa mara tatu ya dukani. Hayo aliyazoea. Hili la namba saba hakulizoea.

"Nani aliyeandika haya maelezo?"

Magidu, mhudumu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, akatazama sakafu.

"Mimi sinywi, nyabo. Dini yangu hairuhusu, mimi nabeba chupa tu. Lakini hiyo namba saba nilimpelekea jana, chupa ya kreti hiyohiyo, akasema nzuri sana."

"Ulimpelekea nani?"

"Wa chini."

"Chini wapi?"

Magidu akaonyesha kwa kidevu mlango mdogo nyuma ya kaunta, zilipoanzia ngazi za stoo.

"Tunaacha chupa mlangoni. Tukirudi tunakuta imefunguliwa, na karatasi imeandikwa. Huu mwaka wa pili, sijauona uso wake. Wenzangu wawili wameacha kazi. Wanasema mtu mwenye mwili hatembei bila kishindo."

Ilikuwa saa tisa mchana, wateja wa chakula cha mchana wameshaondoka. Wingu zito lilikuwa limetanda kutoka ziwani, na umeme ulikuwa umekatika. Khainza alichana karatasi, akaandika: *Namba saba imeharibika. Nani alikupa maneno haya?* Hakuweka jina.

"Mpelekee."

"Nyabo, tafadhali..."

"Mpelekee, Magidu. Mimi nipo hapa juu."

Magidu alishuka akinong'ona dua. Khainza alihesabu hatua zake, kumi na moja, kisha kimya. Aliporudi, alimnyooshea karatasi kwa mbali.

"Imepitishwa chini ya mlango."

Nyuma ya karatasi ileile kulikuwa na mwandiko uliolalia kushoto:

*Rudi Mbale, Khainza. Ulishanizika. Inatosha.*

Glasi ilianguka. Hakujua ni yeye aliyeigonga. Akachukua simu, akampigia Mital.

"Madam, nani yuko stoo?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Amekujibu?" Mital akauliza kwa sauti ya chini.

"Amenitaja jina!"

"Mimi sikumwambia jina la mkaguzi."

"Madam, huyo ni mzima?"

"Dada, siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi nilimgusa mkono kabla ya kumkaribisha, nilivyoogopa. Ni mzima. Aliniomba sehemu isiyo na watu, na mimi nina stoo. Sikuuliza zaidi. Ufunguo uko juu ya fremu ya mlango. Nadhani mlango huo umechelewa kufunguliwa."

Khainza alishuka ngazi akipapasa ukuta kwa kiganja. Ukuta ulikuwa baridi na ulitoa maji. Alifungua mlango.

Mshumaa mmoja ulikuwa unawaka kati ya makreti. Nyuma yake alikaa mtu aliyekonda, kichwa kimenyolewa, kovu limetoka sikioni hadi utosini. Hakuinuka.

"Ulijuaje ni mimi?" Khainza aliuliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Unaandika *n* kama *u*. Tangu zamani."

"Douglas."

"Usisogee. Nitazame kutoka hapo, halafu uende."

Alisogea. Alimgusa shavu kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi kama ina moto. Lilikuwa shavu, lenye ndevu mbili tatu zilizosahauliwa na wembe.

"Mwili wako haukuonekana, tukazika mgomba," akasema. "Tuliufunga sanda, tukauvika koti lako la kijivu. Watu walilia. Mimi nililia, Douglas, juu ya mgomba!"

"Najua. Nilisikia tangazo redioni, niko kitandani kwenye kliniki. Wachimba mchanga walinikuta kwenye matete, kichwa kimepasuka. Wiki tatu sikujua jina langu. Siku nilipolikumbuka, ndiyo siku redio ilitangaza kwamba nimezikwa, kama alivyozikwa Wandeba."

Wandeba alikuwa mdogo wake Khainza, wa mwisho kwao. Waliingia mtumbwi mmoja na Douglas, na mwili wa Wandeba ulionekana siku ya pili.

"Kwa nini hukurudi?"

"Sina pua, Khainza. Jiwe lilipopiga, harufu zote zilikwenda. Naonja chumvi, sukari na uchungu, basi. Mital hajui. Kila chupa ninayoandika, naandika harufu za zamani ninazokumbuka."

"Ndiyo maana umesifia waini iliyooza."

"Ndiyo maana."

"Hilo ni jibu la waini. Mimi nimekuuliza kwa nini hukurudi kwangu."

Mshumaa ulitikisika ingawa hapakuwa na upepo. Juu ya vichwa vyao Magidu alikuwa anafagia vioo, na mlio wake ulishuka kama meno yanayosagana.

"Wandeba alivaa jaketi la kuelea," Douglas alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia alivue."

Khainza akashika ukingo wa kreti.

"Tulikuwa na kitambaa tumekiandika. Ashike upande mmoja, mimi mwingine, mwenye mtumbwi atupige picha nikutumie. Jaketi lilikuwa linaziba maneno. Nikamwambia, vua, dakika tano tu. Akacheka, akavua. Mtumbwi ukapinduka kabla hata picha haijapigwa."

"Kitambaa kiliandikwa nini?"

"Usiniulize."

"Kiliandikwa nini, Douglas?"

"*Khainza, shemeji yangu amekubali nikuoe. Bado wewe.*"

Khainza alikaa chini, palepale sakafuni. Hakulia kwa sauti. Douglas alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Kila Ijumaa," Khainza alisema baadaye, "mama ananiuliza kwa nini mtoto wake hakuvaa jaketi. Miaka mitatu. Anawauliza majirani. Anajiuliza kama alimlea vibaya, akawa mtoto asiyesikia. Jibu ulikuwa nalo wewe, umekaa hapa chini unaziandikia chupa mashairi!"

"Najua."

"Hujui. Mimi ningeweza kukusamehe kufa. Kunyamaza huku ndiko sijui nikufanye nini."

Akapanda juu mahali penye mtandao, akapiga simu.

"Mama, uko wapi? Keti kwanza."

"Nimeketi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Douglas yuko hai. Anajua habari za jaketi."

Khainza alisikia kuku wakilia uani kwao Malukhu, Mbale. Alisikia pumzi ya Namono, mama yake. Kisha Namono akasema:

"Aje mwenyewe, kwa miguu yake. Aje mchana, watu wamwone."

Kesho yake walifika Malukhu saa sita. Habari ilikuwa imetangulia. Watoto walipiga kelele "Mzimu! Mzimu!" wakajificha nyuma ya duka. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo aliziacha chini akaingia ndani. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na Douglas akatembea katikati ya barabara akiwa na kivuli chake, watu wakikichungulia madirishani kama kweli ni cha mtu hai.

Namono hakumpa mkono. Alimwonyesha kigoda karibu na mlango wa jiko, yeye akakaa mbali. Douglas alieleza yote: kitambaa, jaketi, dakika tano, redio, stoo. Hakujitetea. Alipomaliza, mama alikuwa anatazama ukuta.

"Kwa hiyo hakukaidi," akasema.

"Hapana, mama. Alinitii mimi."

"Mwanangu hakuwa mkaidi."

"Hapana, mama."

Malewa, mboga ya machipukizi ya mianzi, yalikuwa jikoni, yameanza kuungua. Moshi ulitoka mlangoni, mchungu, ukamfanya Khainza akohoe; Douglas hakugeuka. Alitaka kuinuka, mama akamzuia kwa macho.

"Douglas," Namono akasema polepole. "Hapo ulipokaa, unasikia nini?"

Moshi ulikuwa unapita nyuma ya kisogo chake. Douglas akainamisha kichwa, akasikiliza kwa bidii.

"Nasikia redio ya jirani, mama."

Namono alimtazama kwa muda mrefu. Kisha aliinuka, akaenda kuepua chungu, akarudi na machozi ambayo huenda yalikuwa ya moshi.

"Mto ulichukua pua yako," akasema. "Mwanangu uliniachia mwili tu. Sijakusamehe, usije ukadanganyika. Lakini utakula. Yameungua, ila wewe harufu hutaisikia."

Alipakua. Douglas akala, mama akimtazama kila tonge.

Jioni ile Khainza alimtumia Mital ripoti kwa simu: *Bakiza waini kumi na nne, ondoa rafu kwenye joto, punguza bei. Maelezo yote yafutwe. Yanavutia, lakini si ya waini zilizo kwenye chupa zako.* Mital akajibu: *Na mwandishi wangu?* Khainza akaandika: *Mwulize mwenyewe. Sasa ana uso.*

Jua lilikuwa halijazama alipomsindikiza Douglas hadi kituo cha boda.

"Nije tena?" aliuliza Douglas.

"Mama amesema Jumamosi."

"Na wewe?"

"Niliyempenda nilimzika. Wewe sijakujua vizuri." Wakatembea hatua tatu. "Uje Jumamosi, nianze kukujua."

Kwenye kona, watu watano walisimama barazani wakiwatazama, hakuna aliyesalimia. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama huyo mtu anaweza kushikwa. Khainza aliusikia mwili wake wote ukikataa, kisha akamshika Douglas mkono, mbele yao. Ulikuwa wa baridi kama umetoka majini sasa hivi. Aliushikilia, wakaendelea kutembea, na walipofika kwa boda ulikuwa umeanza kupata joto.