Aliyemzuia Mchumba Wake Asiruke

"Saa kumi na moja inagonga. Huyo rubani wako yuko wapi?"

Baba aliuliza bila kumtazama binti yake. Wajomba walikuwa wamemaliza habari zote za mpira, sasa wanatazama dari. Leo ndiyo siku mchumba alipaswa kuja kujitambulisha, na saa aliyoahidi ilikuwa tisa na nusu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya binti: "Nimetua, nakuja mbio. Mzee akiuliza, sema kazi tu. Wewe usijitaje."

Binti akaigeuza simu kifudifudi. Yeye ni mwongoza ndege. Asubuhi ile alikuwa zamu mnarani, dege kubwa limeruka punde tu, mchumba wake akaita kwenye redio kutoka kwenye kindege chake cha abiria kumi na wawili.

"Mnara, tuko tayari. Njia nyeupe."

"Subiri dakika tatu. Upepo wa dege lililotangulia haujatulia."

"Mnara, leo nina ratiba ngumu sana."

Ratiba hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Moyo ulisema mwachie. Mdomo ukasema:

"Subiri hapohapo."

Dakika ya pili haijaisha, dege likaita: injini moja imezima, linarudi. Binti akazuia ndege zote zisiruke. Lilitua salama likakwama katikati ya njia, na mpaka livutwe, safari zote za siku zikasogea.

Mlango ukagongwa. Rubani akaingia, shati la kazi limemganda mgongoni.

"Shikamoo baba. Naomba radhi, ni mambo ya kazi."

"Marahaba. Kazi gani? Nani alikuchelewesha?"

"Lawama ni yangu, baba."

"Siku ya kujitambulisha unachelewa. Siku mwanangu akiugua je?"

Rubani akainamisha kichwa. Binti akashindwa kuvumilia.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

Akaeleza yote. Wajomba wakaacha kutazama dari.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilimjua kwa sauti."

"Na ulijua leo ni siku gani?"

"Nilijua. Ningemwachia, angekuwa hewani dege likigeuka. Bora achelewe, baba, kuliko asifike."

Baba akamgeukia rubani.

"Na wewe ukakubali nikuseme hivi?"

"Alikuwa ananilinda, baba. Nimchongee tena?"

"Hukukasirika?"

"Nilinuna. Mpaka nilipoliona dege lile linarudi linayumba. Nikaacha kununa."

Mjomba mmoja akaangua kicheko. Baba naye kikamponyoka.

"Kijana, ukimwoa huyu utazuiwa maisha yako yote."

"Nimeshaanza kuzoea, baba."

"Basi kaa hapa, karibu yangu. Tuzungumze tarehe."

Giza lilipoanza kuingia, binti akamsindikiza hadi getini.

"Nilipotoka zamu nilijifungia chooni nikalia," akasema. "Nilifikiri, je, kama ningekuonea huruma nikakuachia?"

"Mimi nililia palepale kwenye usukani. Msaidizi wangu akadhani nina mafua."

"Muongo!"

"Haya, machozi mawili."

Binti akacheka, akamwegemea kifuani.

"Umenichukia?"

"Nikuchukie? Nilikuwa nakupenda tu. Leo nimejua na kwa nini."

Miezi miwili baadaye walifunga ndoa. Bwana harusi aliwahi kwa saa nzima. Bibi harusi ndiye aliyechelewa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.