Kuku Wasiokufa wa Kapseret

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Nyokabi, ambaye Kapseret nzima humwita Mama Kim, aliingia zizini na ndoo ya kukamulia akawakuta ng'ombe wake watatu wamelala chini. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa macho, lakini hakuweza kuinua kichwa, na ulimi ulining'inia nje. Ni ndama tu aliyekuwa amesimama, akilia njaa.

Kufikia saa mbili, mshukiwa alikuwa tayari ndani ya seli. Haraka hiyo ndiyo iliyomtia shaka Sajini Mildred Nabwire. Miaka kumi na mitatu ya upelelezi ilikuwa imemfunza kumchunga sana mtu anayekuletea mhalifu, ushahidi na mashahidi kabla hujamaliza chai.

Aliyeleta vyote hivyo alikuwa Kim, mwana wa Mama Kim na msimamizi wa banda kubwa la kuku lililo ng'ambo ya barabara.

"Madam, hii kesi iko wazi," alisema, akimwonyesha chupa tupu ya dawa ya kupe. "Nimepata hii nyuma ya hori. Jumamosi Wabuge aligombana na mathe juu ya chakula ya ng'ombe, akatupa ndoo, akaenda zake mtaani Huruma. Kesho mnampeleka kortini, sindio?"

"Mbona una haraka?"

"Na wewe mbona unavuta miguu? Ama ni juu ni mtu wa kabila lenu?"

Maneno hayo yalimchoma Nabwire. Aliyameza, akaenda kumwona Wabuge, kibarua aliyekuwa akiwatunza ng'ombe hao.

"Mligombania nini?"

"Ile maranda ya kuku, madam. Kim ndiye huleta, tunachanganya na pumba na molasi. Ya Jumamosi ilikuwa inanuka mzoga. Nikasema mimi siwapi hii. Mama akaniita mvivu, akawapa yeye mwenyewe."

"Na chupa?"

"Niliwanyunyizia dawa Ijumaa ikaisha, nikaiacha hapo tu." Alishika vyuma vya mlango. "Madam, bibi yangu ana mimba ya miezi nane. Nikifungwa, atabaki na nani?"

Maranda ya kuku si chakula kigeni huku. Tangu mashamba ya nyasi yageuzwe mabanda ya mabati, mfugaji mdogo hulisha anachopata, na maranda yaliyolaliwa na kuku, yenye kinyesi na mabaki ya chakula chao, hupatikana. Nabwire mwenyewe aliwahi kuwapa ng'ombe wake.

Saa nne, Jebet, daktari wa mifugo, aliinuka kutoka kwa yule ng'ombe wa tatu akivua glavu.

"Si dawa ya kupe. Hiyo ingewatoa povu na kuwatetemesha. Hawa wamelegea tu, miguu mpaka ulimi. Ni sumu ya mzoga. Kuna kitu kilioza wakala."

"Na ndama?"

"Yeye ni maziwa tu. Hajagusa hori."

Saa tano, Nabwire alikuwa bandani kwa Kim. Kuku elfu ishirini chini ya taa zisizozimwa, vifua vizito, miguu imepinda kwa kushindwa na uzito. Harufu kali ya kinyesi ilimtoa machozi. Kati ya mlango na chombo cha kwanza cha chakula alihesabu kuku tisa waliolala bila kupumua. Aliwahurumia, kisha akapandwa na hasira.

"Kwa wiki wanakufa wangapi?"

"Hapa? Hata mmoja," Kim alijibu bila kupepesa macho. "Ni management, madam."

Alimwonyesha shimo la kuchomea mizoga. Mfuniko ulikuwa na kutu na nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Nyuma ya stoo, chini ya turubai, Nabwire alikuta mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe.

"Na hii? Sijaona ng'ombe hapa."

"Ya rafiki yangu. Nimemwekea."

Nabwire alichungulia ndani. Manyoya meupe yalikuwa yameganda kwenye visu.

Saa nane mchana aliwakutanisha Kim na mama yake zizini. Ng'ombe wa tatu alikuwa ameshakufa, na Mama Kim alikuwa ameketi kando yake juu ya kibao.

"Kim," Nabwire alianza, "mama yangu ana kuku kumi, na hufa. Wewe una elfu ishirini, hafi hata mmoja. Shimo halijafunguliwa miezi. Mizoga iko wapi?"

"Madam, unatunga story."

"Mashine yako ina manyoya."

Kim alimtazama mama yake, si sajini.

"Ugonjwa uliingia mwezi wa pili," alisema hatimaye. "Wakubwa wangejua, wangefunga banda. Ningewachoma, majirani wangeona moshi, na tayari wanalia juu ya harufu na maji ya mto. Nikawasaga. Nikachanganya na maranda, ikaenda kwa wafugaji."

"Ukampa na mama yako."

"Zii, hapana! Gunia ya mathe nilijaza mwenyewe, hapo kwa mlango, mahali ni safi."

"Hapo mlangoni leo nimehesabu mizoga tisa."

Kim aligeuka kumtazama ng'ombe wa tatu.

"Wabuge je?" Mama Kim aliuliza. "Ulijua hana makosa?"

"Nilijua ni ile chakula nilipoona ulimi umelegea. Mathe, hiyo kazi ndiyo inatulisha."

Nabwire alifungua daftari. Alichukia alichopaswa kusema. "Mama, malalamiko ya asubuhi ni yako, na yanamtaja Wabuge. Nataka taarifa nyingine kutoka kwako."

"Mathe, mimi ndiye mtoto wako wa pekee," Kim alinong'ona.

Mama Kim alifuta uso kwa leso.

"Andika. Aliyewapa ni mimi, Nyokabi. Aliyeniletea ni Kim Gathogo, mwanangu. Wabuge alikataa, nikamtukana." Akamgeukia kijana wake. "Sasa niambie nyumba zote ulizopeleka."

Kim alitaja kumi na moja. Wengine walikuwa watu wa kanisa la mama yake. Muda wa kulisha wa jioni ulikuwa umekaribia, na Mama Kim hakusubiri gari la polisi liondoke. Alitoa simu, akapigia nyumba ya kwanza.

"Warigia? Usiwape ng'ombe hiyo maranda. Ina sumu." Alisikiliza swali la upande wa pili, akimtazama Kim akifungwa pingu. "Ni mtoto wangu ameiweka. Ndiyo. Wangu."