Ng'ombe Arobaini wa Mfungwa Lubasha

Jitu-chuma la Gereza la Shimo Kuu lilimkamata mwenzake mkono wa kushoto, likauzungusha mara mbili, likaung'oa. Mafuta meusi yaliruka hadi safu ya tatu, na watazamaji elfu kumi na mbili wakainuka kushangilia. Chini kabisa ya uwanja, katika chumba kisicho na dirisha, mfungwa mmoja alianguka kutoka kitini akilia kwa sauti, ameshika bega lake ambalo halikuwa na hata mkwaruzo.

Hiyo ilikuwa kazi ya kofia-neva. Ilipeleka mawazo ya mfungwa kwenye jitu lenye uzito wa tani saba, kisha ikarudisha maumivu ya jitu kwenye mwili wa mfungwa. Mhandisi Limi Ng'wigulu aliibuni kwa ajili ya watu waliokatwa viungo, ili mkono wa bandia uweze kuhisi joto la kikombe cha chai. Wakubwa wa jiji la Mwagala wakaona faida nyingine. Wacheza kamari walikuwa wamelalamika kwamba wafungwa wasipoumia hawapigani kwa dhati, na nani aweke pesa yake kwenye mchezo wa kitoto? Basi maumivu yakaachwa. Limi alilipwa vizuri akanyamaza, nami simtetei.

Aliyeng'oa mkono siku hiyo aliitwa Lubasha Gwesa, mtu wa miaka arobaini na mitano. Alikuwa na miaka tisa iliyobaki katika kifungo chake. Alimuua jirani yake Ng'wandu kwa jembe, kwa ugomvi wa mpaka wa kisima, na hakuwahi kukana. Sheria ya gereza iliwaruhusu wapiganaji kuweka ujira wao wa kazi kwenye mapambano yao wenyewe, ingawa pesa ilishikiliwa na gereza mpaka kifungo kiishe, na Lubasha alikuwa ameshinda mara kumi na nne. Meno manne yalikuwa yamemtoka kwa kuyauma mwenyewe katika maumivu.

Hakuwa akitafuta utajiri. Ukoo wa Ng'wandu ulidai ng'ombe arobaini wa fidia ya damu, watokane na jasho la muuaji mwenyewe, si mkopo wala mchango wa ndugu. Mpaka walipwe, mke wake Kabula na watoto watatu hawakuwa na amani pale mtaani. Mwezi uliopita vijana wa ule ukoo walivunja mlango wakampiga binti mkubwa kwa nondo, taya likavunjika vipande viwili. Walimwambia Kabula kwamba wakirudi tena watamaliza kazi.

Ijumaa, siku moja kabla ya pambano la kumi na tano, Baraza la Jiji liliketi kujadili kama mfungwa aachiwe alichoshinda. Mjumbe mmoja alipiga meza. "Mtu ameua, halafu atoke tajiri kuliko mwalimu wa mwanangu?" Mwingine akamjibu, "Akishindwa, anapoteza zake. Akishinda, ziwe za nani?" Walizomeana hadi adhuhuri, kisha wakapiga kura. Kuanzia Jumapili, pesa yote aliyoshinda mfungwa aliye hai ingeingia hazina ya jiji.

Lubasha alikuwa na pesa ya ng'ombe thelathini na wanane.

Limi alikwenda kumpima kofia alasiri ile. Mlinzi wao, Afande Tungaraza, alisimama mlangoni akimenya karanga.

"Mhandisi, naomba kuuliza kitu," alisema Lubasha.

"Uliza, kaka Lubasha."

"Mfungwa akifa, pesa yake inakwenda wapi?"

Limi alikuwa ameinamia waya, akajibu bila kuinua kichwa. Alieleza kwamba Karani, akili mnemba iliyoendesha kamari na kumbukumbu zote za gereza, huhesabu moyo uliosimama. Ukisimama sekunde thelathini, kifungo kimekwisha na pesa huenda kwa mrithi papo hapo. Kipengele hicho alikiweka yeye mwenyewe, kwa kuwahurumia wajane.

"Kwa hiyo baraza halikukigusa?"

"Baraza limesema mfungwa aliye hai."

"Ahsante, dada mhandisi," alisema Lubasha, akafunga macho kama mtu aliyeambiwa homa imeshuka. Tungaraza alicheka kidogo. "Kufa kufaana," akasema, akatema ganda. Limi hakuisikiliza kauli ile. Mtu aliyesoma miaka ishirini, na bado akawa mjinga kiasi hicho!

Jumamosi saa nane mchana Lubasha aliweka kila alichokuwa nacho kwenye ushindi wake. Wengi walimtegemea ashinde, kwa hiyo faida ilikuwa ndogo: ng'ombe wawili hasa. Mpinzani wake alikuwa jitu la gereza la kusini, lenye msumeno wa mviringo mahali pa mkono wa kulia. Msumeno ule ulianza kwa kulikata jitu lake goti. Chumbani Lubasha aliuma kitambaa hadi damu ikamchuruzika kidevuni. Ukalichana jitu ubavu, naye akajikojolea. Watazamaji waliimba jina lake.

Limi aliangalia ubao wa vipimo na mara akaona mstari mmoja umelala. Kila kofia ilikuwa na kikatio, waya mwembamba wa kuzuia maumivu yanapotaka kuua. Waya wa Lubasha ulikuwa umekatwa kwa meno.

"Kikatio chake hakipo!" alipiga kelele. "Afande, kimbia chini!"

Uwanjani, jitu la Lubasha lilifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Lilifungua mikono, likaukumbatia msumeno, likausukuma kifuani mwake lenyewe. Cheche ziliruka, mafuta yakamwagika, nao msumeno ukazama hadi kwenye shina. Mpinzani sasa hakuweza kujinasua. Jitu la Lubasha likashika kichwa cha mpinzani kwa viganja viwili, likakiminya, likamvunja shingo. Kengele ya ushindi ikalia. Sekunde mbili baadaye Limi akapiga swichi kuu na majitu yote mawili yakasimama.

Alishuka ngazi mbiombio. Lubasha alikuwa sakafuni, macho wazi, midomo imegeuka kijivu. Tungaraza alikuwa amemkalia, akimbonyeza kifua kwa mikono miwili. Limi akapokea. Mbavu zilivunjika chini ya viganja vyake, akazisikia, akaendelea huku akilia na kumtukana mtu ambaye hakumsikia. Katika sekunde ya hamsini na mbili Lubasha alikohoa damu, akavuta pumzi.

Lakini Karani alikuwa ameshahesabu thelathini. Pesa ilikuwa imeshafika kwa Kabula, naye hakuchelewa. Saa kumi wazee wa ukoo wa Ng'wandu walikuwa wamepokea ng'ombe arobaini mbele ya mashahidi, na mkono wa amani umeshatolewa.

Karani akamtumia Limi swali moja. Mfungwa 4417 alifariki, au kumbukumbu ifutwe? Ilitakiwa sahihi ya mhandisi kabla ya saa kumi na moja.

Alimkuta Lubasha kwenye chumba cha wagonjwa, amefungwa bendeji kifua kizima. Limi alikaa kitandani, akamweleza bila kuficha.

"Nikiandika ulizinduka, pesa inadaiwa. Polisi watawachukua wale ng'ombe zizini leo hii, na wewe utatoka baada ya miaka tisa. Nikiandika ulikufa, hakuna wa kudai. Lakini lango la gereza hufunguliwa na Karani, na Karani hufungua kwa aliye hai tu. Maiti haina tarehe ya kutoka."

"Na chakula?"

"Nitakuletea changu," alisema Tungaraza kutoka mlangoni. "Sitakuacha, kaka."

Lubasha alipumua kwa shida, na kila pumzi ilimkunja uso.

"Taya la binti yangu limeunga?" aliuliza.

"Limeunga," alisema Tungaraza. "Anakula ugali."

"Basi andika, mhandisi. Andika nimekufa."

"Kaka Lubasha, fikiri. Ni maisha yako yote."

"Nilimnyang'anya Ng'wandu yake kwa pigo moja. Andika."

Limi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, akaandika. Karani alipokea bila neno. Tungaraza akaondoka kwenda kutafuta uji. Limi naye akainuka, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Hakuwa amefika mbali aliposikia sauti dhaifu ikimwita. Alirudi, akafungua. Chumba kilikuwa giza totoro. Karani alikuwa amezima taa na feni kwa kuwa, kwa hesabu yake, hakukuwa na mtu hai ndani. Limi alipovuka kizingiti, taa zikawaka.

Alirudi nyuma hatua moja, zikazimika. Akaingia tena, zikawaka, akamwona Lubasha amekodoa macho akimtazama.

Limi akavuta kiti, akakaa.