Mdogo Wangu Aliniambia Rangi ya Maji Haina Sumu

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka hamsini na saba, na sikuwa nimewahi kuogopa kitu chochote duniani mpaka nilipoikosa pumzi yangu mwenyewe...

Niseme mapema, mimi si mtu wa shule. Niliishia darasa la nne. Lakini niletee gari lililokwaruzwa, nitakutajia mchanganyiko wa rangi yake kabla hujazima injini. Gereji yangu ya Arusha niliianza na kompresa ya kuazima kwenye kipande cha kiwanja cha mjane mmoja aliyenihurumia. Sikurithi hata spana.

Mdogo wangu Gabrieli nilimlea mimi baada ya wazazi kufariki. Kazi ya kupuliza rangi ndiyo iliyomlipia ada. Akafaulu, akapata ufadhili wa kusoma China, akamaliza, akabaki hukohuko Guangzhou akiwasaidia wafanyabiashara wetu kununua na kusafirisha mizigo. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu alisikia habari za Gabrieli, apende asipende.

Miaka hiyo wakaanza kuja wateja wenye magari yaliyopakwa rangi ya maji. Ile unaizimua kwa maji safi yaliyochujwa, siyo kwa tina kama tulivyozoea. Sikuiweza. Magari mazuri yakawa yananipita yanakwenda Nairobi. Niliumia sana... fundi mzima napitwa kama jiwe la barabarani?

Gabrieli akanipigia simu. Kaka, njoo huku, kuna watu wanauza rangi hiyo na wanamfundisha mteja wao bure. Ukirudi nayo, Arusha nzima watakupigia foleni. Nikaiweka gereji rehani benki, nikapanda ndege.

Aliyetufundisha tulimwita Shifu, ndivyo wanavyomwita fundi mkubwa kule. Mtu wa makamo, mfupi, mkali kwenye kazi. Yeye hakujua Kiswahili na mimi sikujua Kichina. Masikio yangu yalikuwa Gabrieli.

Rangi yenyewe ilinishangaza. Hainuki! Na kwetu fundi rangi anaijua hatari kwa pua. Tina ikikupanda kichwani unatoka nje, unakunywa maziwa kuosha kifua, unarudi kazini. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nimewafundisha wengi. Sasa hii hainuki, basi nikajua haina kitu. Nikamuuliza Gabrieli kama nitafute maziwa, akacheka. "Kaka, hiyo ni maji tu. Haina sumu."

Lakini rangi ya maji haiachwi peke yake. Juu yake lazima upulize klia, ile isiyo na rangi inayoleta mng'aro, na klia haigandi mpaka uichanganye na hadina. Na hiyo klia si ya maji hata kidogo. Shifu akifika hapo alivaa barakoa ya uso mzima yenye bomba la kumletea hewa kutoka nje. Nikauliza, mbona huyu anajifunga kama mpiga mbizi?

"Ana mzio, kaka. Watu wa huku vifua vyao laini."

"Laini kama mkate wa maziwa," nikasema, na tukacheka wote wawili.

Siku moja Shifu alinishika kidevu, akazivuta ndevu zangu, akasema maneno mengi amekunja uso. Gabrieli akatafsiri kwamba anazisifia, eti nafanana na wazee wa kwenye picha zao za kale. Na kila tulipofika kwenye klia, Shifu aliichukua bunduki ya rangi mkononi mwangu. Gabrieli akasema ni ubahili, klia ni ghali, hawataki mwanafunzi aimwage. Mtu anakusifu huku amekunja uso? Sikujiuliza. Alikuwa mdogo wangu ananiambia.

Kwa kuwa Shifu ananinyima klia, Gabrieli akanitafutia banda la rafiki yake nje kidogo ya jiji nijifunzie huko. Ulikuwa msimu wao wa unyevu, kuta zinatoka jasho na shati halikauki hata ulianike wapi. Rangi ya maji nayo hukauka kwa hewa inayopita, ikikutana na unyevu inabaki mbichi. Basi tukafunga madirisha yote unyevu usiingie, tukawasha vipasha joto ndani. Nikawa napuliza milango ya magari mabovu, rangi, halafu klia, klia juu ya klia, nimejifunga leso puani.

Nilianza kwa kukohoa. Kisha ngazi za hoteli yangu, mtaa wa Xiaobei, zikawa ndefu. Kisha kifua kikawa kinapiga filimbi nikilala chali. Gabrieli akasema ni hali ya hewa, kila mgeni inampata. Mimi ndani yangu hofu ikaanza kuingia, lakini mwanaume wa umri wangu aseme nini? Aseme anaogopa hewa?

Asubuhi ya kuagiza mzigo tulitoka bandani kwanza, maana nilitaka kumalizia boneti moja. Tukaenda moja kwa moja Xiaobei, kwenye ofisi ya wakala wa mizigo, ghorofa ya juu. Lifti ilikuwa imejaa watu na mabegi. Hapo ndipo kifua kilipofunga.

Ndugu wasomaji, sijui nieleze vipi. Hewa inaingia kidogo, haitoki. Unavuta tena, hakuna mahali pa kuiweka. Shingo inakaza, macho yanatoka, masikio yanasikia moyo tu. Nilizama nikiwa nchi kavu, katikati ya watu, na hata neno la kuomba msaada sikuwa na pumzi ya kulitoa.

Waliniketisha kwenye kiti ofisini. Gabrieli akainama karibu nami. Nikajua sasa ananibeba. Alikuwa ameshika kalamu na karatasi za mzigo.

"Kaka, weka sahihi kwanza. Ukishaweka twende hospitali, hapo karibu tu."

Nikamtazama. Nikaweka sahihi. Mtu anayekufa anafanya lolote analoambiwa na mwenye hewa.

Aliyeniokoa alikuwa binti wa Tanga, Zuhura, mwanafunzi wa udaktari, aliyekuja pale kutuma kifurushi nyumbani. Alinitazama midomo mara moja tu, akamgeukia Gabrieli.

"Wewe unasainisha maiti? Mshike huko, mimi nashika huku! Baba, usilale. Nitazame mimi, baba yangu. Toa hewa polepole, kama unapoza chai."

Ndivyo nilivyofika hospitali. Walinivisha hewa usoni, na nilipopata pumzi ya kwanza kamili nililia mbele ya wauguzi bila aibu.

Gabrieli alisema anakwenda kumalizia mambo ya kontena. Shifu alipopata habari alikuja na mfuko wa machungwa, akakaa kando ya kitanda. Zuhura naye alikuwepo, amekuja kunijulia hali. "Shikamoo baba, leo rangi imerudi usoni." Nikamwomba anitafsirie kila neno la Shifu, asipunguze wala asiongeze.

Binti akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia. Shifu anasema alieleza tangu siku ya kwanza kwamba hadina ndiyo adui, hainuki sana lakini inakifunga kifua cha mtu, na kifua kikishaikataa hakisahau. Anasema alikuomba unyoe ndevu, maana barakoa haishiki juu ya ndevu. Anasema alikunyima klia kwa sababu hukunyoa. Na kila mara mdogo wako alimjibu kwamba kaka anajua yote, ana miaka mingi kazini.

Shifu hana mzio wowote.

Daktari naye akasema nisishike tena klia, na nisisimame karibu na anayeipuliza. Safari nyingine naweza nisiwahi hospitali. Nikamwambia Zuhura awaulize kuhusu maziwa. Akauliza. Shifu akatikisa kichwa, daktari akatikisa kichwa... Nikawakumbuka wote niliowafundisha kunywa maziwa. Nilishikwa na hofu kuliko siku ya lifti.

Gabrieli alipokuja nilimuuliza neno moja tu, kwa nini. Hakukana. Alisema ningejua habari za bomba la hewa na kompresa yake ningeona gharama, ningerudi nyumbani bila kuagiza, na yeye asingepata chake kwa muuzaji. "Na mimi huku nikale nini, kaka?" Nilimlisha tangu akiwa hawezi kujifunga kamba za viatu, na hilo ndilo swali alilonipa.

Mzigo ulikuja Arusha kwa ile sahihi. Benki nililipa, kwa taabu, kwa mikono ya mafundi wengine, mimi nikiwaangalia kupitia dirisha la kioo. Mpaka leo harufu yoyote ya gereji ya jirani inanisimamisha moyo. Naamka nahesabu kama hewa imeingia. Mzee mzima naogopa upepo!

Enyi mafundi wenzangu, nawaomba. Pua yako si daktari. Rangi ya maji ni nafuu kweli, lakini klia ya juu yake ni ileile inayoua, na maziwa hayaoshi kifua, yanakwenda tumboni. Nyoa ndevu, vaa barakoa yenye bomba la hewa safi, fungua pahali hewa itoke. Na ukienda nchi ya watu, usisikilize kwa mdomo wa mtu anayelipwa ukikubali, hata kama mlinyonya ziwa moja. Tafuta mdomo wa pili.

Leo nina gereji moja, kiwanja kwa jina langu. Vyumba viwili vya kupulizia vyenye feni za kutoa hewa. Barakoa nne za bomba, na kompresa ya hewa ya kupumua tu. Nyumba ya vyumba vitatu. Shamba dogo la kahawa. Dawa ya kuvuta kifuani, moja mfukoni, moja kwenye gari, moja kando ya kitanda. Na simu yenye namba ya Gabrieli, inaita kila Jumapili, sijaipokea.